Mwanaume Aliyecheleweshwa Sirari

Kwetu Kemambo nilizaliwa kwenye boma la wanawake wawili. Bibi alizaa mabinti watupu, na mume wake akafa bila kuacha mtoto wa kiume wa kushika boma. Basi ilipokuja mahari ya binti yake wa mwisho, akachukua ng'ombe walewale akamwoa mama yangu. Ndoa hiyo huku inajulikana, tunaiita nyumba ntobhu. Mtoto anayezaliwa humo ni wa boma, anabeba jina la mzee marehemu, na mwanaume aliyepita kusaidia haulizwi wala hatajwi. Bibi aliniambia mara nyingi kwamba alitaka mvulana, na bado ni yeye aliyenibeba mgongoni. Nimekuwa mtu mzima, nafundisha watoto wa wenzangu, na sijawahi kumwita mtu yeyote tata, yaani baba.

Pengine ndiyo sababu nilijiunga na yale mashindano. Nilikuwa mjini Mugumu, nafundisha sekondari, rafiki yangu akaniingiza kwenye kundi la simu la watu walioahidi kuandika riwaya nzima kwa mwezi mmoja. Sheria zilikuwa chache na za kijeuri: andika kila siku, tuma hesabu ya maneno kabla ya saa kumi na mbili jioni, usifute chochote. Msimamizi, ambaye sijamwona mpaka leo, alitutumia picha ya ngumi kila asubuhi utafikiri tunakwenda vitani. Nilimcheka, lakini nilitii. Likizo ya katikati ya mwaka ilikuwa imeanza na Bibi alikuwa anaumwa moyo, miguu imemvimba. Nikafunga mzigo nikaenda kuandikia nyumbani.

Niliandika kwa simu, mgongo kwenye ukuta wa jiko. Mama alipukuchua mahindi, Bibi akajilaza mkekani aote jua. Jioni niliwasomea nilichoandika, nikikigeuza Kikurya, maana Kiswahili cha Bibi kilikuwa cha kununulia chumvi. Sura ya kwanza ilikuwa na mwanamke mkali anayehesabu ng'ombe wake kwa kuwagusa mgongo mmoja mmoja. Bibi akajitambua, akacheka mpaka akakohoa. Sura ya tatu nikamwingiza mwanaume. Alikuwa mchuuzi wa ng'ombe kutoka upande wa Kenya. Amesikia kwamba ana binti huku, amemnunulia kitambaa cha gauni, amevuka mpaka pale Sirari, anakuja kumwona.

Kesho yake nilikuwa namkanda Bibi miguu.

"Huyo mtu akifika hapa," alisema, "mimi nitakuwa nani?"

Nikamwambia ni hadithi tu. Akajibu kwamba watu wanakufa, hadithi ndiyo inayobaki. Akanikumbusha kwamba ng'ombe wake ndio walionileta, kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na kwamba siku niliposhikwa na degedege hakukuwa na mchuuzi yeyote wa kunikimbiza zahanati. Yote yalikuwa kweli, na yaliniuma. Nilipomweleza kwamba sheria hainiruhusu kumfuta yule mtu, alifikiri kidogo kama anayepatana bei mnadani.

"Basi mcheleweshe. Akae hukohuko Sirari mpaka nimalize siku zangu."

Nikamchelewesha. Mvua ikakata barabara. Akaumwa jino. Akaibiwa begi, likabaki kwapani furushi la kitambaa tu. Bibi mwenyewe aliniletea mikosi mingine, akapendekeza tumpe na tumbo la kuhara, na kadiri mtu yule alivyoteseka ndivyo Bibi alivyoanza kumhurumia. Kundini walinipongeza, hesabu yangu ilipanda kuliko za wote, kwa sababu hakuna kinachojaza kurasa kama mtu asiyefika. Mama aliendelea kupukuchua. Sikumwuliza anaonaje. Kwetu hakuna aliyezoea kumwuliza.

Wiki ya mwisho, asubuhi moja, Bibi akafariki uji wake ukiwa bado wa moto. Nililia mpaka sauti ikakauka. Tulimzika kando ya mume wake. Wazee walibishana kidogo, kwa kuwa mimi ni mwanamke, kisha wakaniita nitupe udongo kwa niaba ya boma. Sijui kama angefurahi au angesema laiti ningekuwa mvulana.

Siku ya mwisho ya mashindano waombolezaji walikuwa wameshaondoka. Barabara ya kutoka Sirari ilikuwa wazi na hakuna tena wa kuizuia, lakini vidole vilikataa. Niliona kwamba nikimfikisha yule mtu, nitakuwa nimemfukuza Bibi kwenye boma lake udongo ukiwa bado mbichi. Nikaamua arudi kwao. Nikaandika kwamba ameuza kitambaa sokoni apate nauli ya kurudi.

Mama alikuwa karibu yangu na debe lake.

"Leo anafika?" akauliza.

Nikainua macho. Alikuwa anatazama gunzi lililokuwa mkononi mwake, ila vidole vimesimama. Mwezi mzima nilidhani tunaomgombea yule mtu ni mimi na Bibi tu. Haikunijia hata mara moja kwamba pale jikoni palikuwa na mtu anayemjua, na kwamba kila jioni niliposema bado yuko Sirari, mtu huyo alisikia.

Nikamwambia anafika. Kisha nikakumbuka kitambaa. Kilishauzwa, na hakuna kufuta.

"Ila anakuja mikono mitupu, mama."

"Haidhuru," alisema.

Akasogeza debe ukutani, akazoa magunzi. Akachukua ufagio, akaanza kufagia uwanja kutoka mlangoni kwenda njiani, taratibu. Nikaandika nikilia. Saa kumi na mbili ilipita sijatuma hesabu, na mama alikuwa amefika barabarani, bado anafagia.