Masikio ya Mbuzi Wangu

Darasa la nne sikulimaliza, lakini Chang'ombe ukiulizia duka kubwa la saruji na mabati utaletwa kwangu. Sijisifu, naelekeza.

Baba yangu alikuwa mwizi wa mbuzi huko Haneti. Kaka yangu, tumbo moja, akafuata nyayo. Mimi shangazi alikuja kunichukua, akanilea Makutupora kwenye zabibu, na kila jioni alinipekua mifuko kabla sijala. Watu husema wizi uko kwenye damu. Damu tuligawana sawa mimi na kaka. Shangazi nilimpata mimi peke yangu.

Kabla hajanichukua, baba alishanifundisha kukata masikio ya mbuzi: la kulia ncha, la kushoto pengo kwa nyuma. Kila ukoo una alama yake, na huo ndio urithi pekee alioniachia. Nilipopata uwezo nikanunua mbuzi mnadani, nikawaweka Haneti, nikawakata vilevile. Kwa heshima.

Binti yangu, msomi wa chuo kikuu, akapata mchumba. Kwetu huwezi kuoa bila ukoo kuchunguzwa: kuna wazimu? Kuna wizi? Akaja baba mkubwa wa kijana, pamoja na mshenga. Walikuwa wameshasikia habari za baba. Nikaona dawa ni kuwapeleka zizini waone mali.

Mzee akashika sikio la beberu. Hakuliachia.

"Mwanangu, alama hii ya nani?"

"Ya ukoo wetu, mzee. Ya baba."

"Hii ni ya baba yangu mimi."

Mshenga akakohoa. Ndipo nikaelewa: baba alikata mbuzi wake kwa alama ya jirani, baba yake mzee huyu, ili wa wizi wakiingia zizini wasionekane wageni. Na mimi, mbuzi niliowanunua kwa jasho, nimewatia alama ya wizi mmoja mmoja.

"Mzee, hawa nimewanunua!"

"Najua. Wa kwetu walishaliwa zamani. Nani alikufundisha kukata?"

"Baba."

"Basi hiyo si damu. Hiyo ni shule."

Shule! Mtu wa kwanza kuniita msomi.

Binti alikuwa ametufuata zizini na sinia la chai, vikombe vinagongana. "Na mimi, babu? Mimi hata kisu cha mbuzi sijawahi kushika."

Mzee akamtazama, akachukua kikombe. "Posa tutaleta, mjukuu wangu. Ila kwenye mahari, mbuzi msitudai. Babu yako alishajichukulia mapema."

Mshenga akacheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilimtazama binti, naye akanitazama mimi, sinia limetulia.

"Sawa," nikasema. Mwenye duka kama langu anaweza kusema sawa.

Vitoto vya mbuzi vilivyozaliwa baada ya harusi sikuvikata. Haneti nzima, mbuzi mwenye masikio mazima anajulikana ni wangu.