Dagaa Mbele ya Muuza Samaki wa Nta

Kila asubuhi Vaileth alianza kazi kwa kuziba pua. Jumba la makumbusho alikofanya usafi, kusini mwa London, lilikuwa na soko zima la karne ya kumi na tisa ndani ya ukumbi: mawe chini, farasi wa plastiki, muuza samaki wa nta. Na ili wageni waonje maisha ya sokoni enzi hizo, kulikuwa na mashine ya harufu, na yeye ndiye aliyeijaza. Chupa ya mavi ya farasi, chupa ya mtaro, chupa ya samaki waliooza. Yeye alimimina huku kageuza uso, na wageni wanacheka na kupiga picha. Watu hawa nao! Babu zao walihangaika kuondoa uvundo mjini, wao leo wanaulipia kiingilio.

Lakini dagaa wake wa chakula cha mchana, la. Dagaa wa Mwanza, kawanunua duka la Waafrika mtaa wa Peckham, kawaunga kwa nyanya na pilipili, wakamletea barua mbili za onyo. Ya tatu ni kufukuzwa. Tena aliyezisaini ni Evodius, msimamizi wake, mtu wa Bukoba, aliyekuzwa na dagaa hao hao.

"Dada Vaileth, staff room inanuka. Hapa ni professional environment."

"Kaka Evodius, mkataa kwao mtumwa." Alimwonea kinyaa kuliko chupa zote tatu.

Alhamisi moja wafadhili wakiwa njiani, mashine ikagoma. Evodius akaja mbio, jasho linamtiririka.

"Dada yangu, leo umekuja na wale dagaa? Tuwaweke pale kwa muuza samaki, pawe na harufu ya uozo. Zile warning nazifuta zote, I promise."

Uozo! Vaileth alitamani kumtemea mate. Akaenda kuchukua bakuli lake, akarudi, akaketi juu ya kreti mbele ya muuza samaki, akafunua, akaanza kula kwa mkono. Harufu ikatanda soko zima.

"Unafanya nini? Wageni wanaingia!"

"Waingie. Waambie dada yako anakula chakula cha mchana."

Barua ya tatu ilikuja Jumatatu. Vaileth aliitazama ile sahihi akasonya, kwani siku ile alimwona vizuri Evodius, amesimama mbele ya bakuli, anameza mate.