Lanchi ya Roboti

Sebule ya Mzee Arap Koskei ilinuka asidi. Betri ya gari iliyoendesha televisheni ilikaa chini ya meza, juu ya gunia kuukuu, na kila ukivuta pumzi ulisikia ule ukali wake puani, ukichanganyika na nta ya sakafu na mursik, maziwa yetu ya mgando, yaliyokuwa yametoka tu kumiminwa kwenye vikombe. Hadi leo nikipita karibu na gereji ya kuchaji betri huwa nahisi ni Jumapili jioni kwetu Boito, katikati ya miaka ya tisini, watu wakiwa bado na nguo za kanisani. Jumapili hakuna aliyechuma majani chai, kwa hiyo vikapu vilining'inia ukutani na vidole vyetu vyeusi kwa utomvu vilipata siku moja ya kupumzika. Mzee Koskei alikuwa karani wa kituo cha kununulia majani, na televisheni yake ndiyo iliyokuwa ya pekee kuanzia barabara ya lami hadi mtoni. Wazee walikaa kwenye viti vyenye vitambaa vya kusokotwa, akina mama kwenye benchi, sisi watoto sakafuni, na kijana mmoja alikuwa nje akizungusha mlingoti wa antena huku akipigiwa kelele, "Rudisha! Hapo! Wee, umepitisha!"

Jumapili ya kwanza nilipoliona lile jitu la chuma nilisahau kufunga mdomo. Ziwa lilipasuka katikati, maji yakatiririka pembeni, na kutoka chini vikapaa vyuma vilivyokuja kuwa jitu refu kuliko kiwanda chetu cha chai pamoja na bomba lake la moshi. Lilikuwa na pembe, lina kifua kipana, na lilipokanyaga chini nyumba za watu ziliruka. Televisheni ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe, basi rangi nikazitia mwenyewe: nikaamua jitu ni jekundu, kwa sababu lori lililobeba majani yetu lilikuwa jekundu na sikuwa najua chombo kingine chenye nguvu kama hicho. Tena halikuwa limezaliwa jitu. Lilikuja vipande vitano, kila kipande kikipaa peke yake, kisha vikashikana angani, hiki kikawa mguu, kile mkono, na kichwa kikaja mwisho kabisa. Kila kipande kiliendeshwa na mtoto! Watoto wenye macho makubwa kama ya ndama, nywele zimesimama, midomo inaendelea kuchezacheza hata baada ya maneno kwisha. Kogo, ndiye bibi yangu mzaa baba, aliyekuwa ameketi kwenye benchi na shali yake ya kanisani, aliinama mbele akauliza kwa sauti ambayo nyumba nzima iliisikia, "Hiyo ni trekta ama ni mtu?"

Mzee Koskei akasema ni ropoti, nasi wote tukasema ropoti mwaka mzima. Lakini jibu hilo halikumtosha kogo. Yeye alitaka kujua hao watoto ni wa nani, wanapigana na nani, na mama zao wako wapi. Walikuwa wanaongea Kiingereza, tena cha haraka, na pale sebuleni wazee hawakukijua, hata Mzee Koskei, ambaye chake kiliishia kwenye daftari la kilo za majani. Baba, ambaye tangu nitoke wa kwanza katika Kiingereza darasa la tano alikuwa ametangaza habari hizo hadi kwa watu wasiomuuliza, akanigeukia mbele ya wote. "Chelangat yupo hapa. Chelangat, simama, wanasema nini?" Nikasimama. Kusema kweli nilikuwa nimeshika maneno mawili: "haraka" na "baba". Wakati huohuo kipindi kikafika mahali pa wimbo, watoto wale wamejipanga mstari, nyuso zimeinuliwa juu. Nikasema, "Wanaomba kabla ya kuanza kazi." Loo! Wazee wakavua kofia. Wimbo ulipoisha mama mmoja kwenye benchi akasema "Amina," na kogo akaniambia nije niketi karibu naye, juu ya benchi, nisirudi sakafuni.

Tangu siku hiyo nikawa mdomo wa nyumba nzima. Kila Jumapili, kabla vyuma havijatoka ziwani, mzee mmoja mwenye ndevu alisimama ndani ya chumba chenye taa nyingi, akanyoosha mkono na kupiga kelele neno moja, na mara vipande vyote vitano vikafyatuka kwenda angani. Neno hilo nililijua vizuri. Kila mtu wa mashamba ya chai alilijua, hata asiyejua neno jingine lolote la Kiingereza: lanchi. Nikatafsiri bila wasiwasi wowote kwamba mnyapara wao amewaita kula cha mchana, wakishiba ndipo wapigane. Wala hakuna aliyeshangaa, maana mipira minene kama ya maji ilionekana ikichomoka mgongoni mwa jitu, na kila mtu aliona wazi kwamba limekuwa likinyonya. Kogo alifurahi mno. Ujanani mwake alichuma chai kwenye shamba kubwa, na mnyapara wao, alituambia, hakuwahi kuwauliza kama wameonja hata maji. "Huyu ni mtu," akasema akimwonyesha mzee mwenye ndevu. "Vita viko mlangoni na bado anakumbuka chakula cha watoto wa watu." Wiki zilizofuata, yule mzee aliponyoosha mkono, sebule nzima ilimwahi: "Lanchiii!"

Siri yangu nilikuwa nayo peke yangu, na ilinikosesha raha. Sikuelewa hata robo. Nilikuwa nashika neno hapa na pale, kisha nayashonea yaliyobaki. Maadui nikasema wamekuja kuiba ng'ombe, kwa maana kwetu ni nini kingine kingemtoa mtu mbali hivyo na silaha? Baada ya mwezi Mzee Koskei akauliza, "Sasa hao ng'ombe wenyewe mbona hatujawaona?" Nikamjibu palepale, "Wamefichwa." Akatikisa kichwa akiridhika, akasema hiyo ni akili. Nami, sitaficha, nilijisikia mkubwa. Watu wazima walinyamaza nikifungua kinywa. Dukani nilisimamishwa na watu waliokosa Jumapili, niwaeleze. Baba alitembea mbele yangu kama mtu anayeongoza fahali wake kwenye maonyesho. Lakini usiku wa Jumamosi nilikuwa nakosa usingizi, kwa kuwa nilijua siku atakapokaa pale mtu anayekijua Kiingereza, nitarudishwa sakafuni mbele ya kijiji kizima, na baba atatazama pembeni.

Mtu huyo alikuja likizo ya Agosti. Kipngeno alikuwa mtoto wa shangazi yangu, kidato cha tatu, shule ya bweni, na suruali yake ilikuwa na mikunjo iliyonyooka kama wembe. Alikaa nyuma karibu na mlango. Nilitafsiri wimbo, watu wakasema amina, na nikamwona anainua nyusi. Mzee mwenye ndevu akanyoosha mkono, sebule ikapiga kelele "Lanchiii!" na Kipngeno akacheka hadi akakohoa. Kogo akageuka. "Wewe kijana, kuna nini cha kucheka watu wakienda kula?" Kipngeno hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na umri ule ambao mtu hawezi kujizuia kusahihisha. Akaeleza kwamba hilo si neno la chakula. Ni neno jingine, kwa masikio yanafanana, lakini maana yake ni kurusha chombo kipae. Hakuna aliyekula kitu tangu kipindi kianze. Hakuna maombi pia, wala ng'ombe. Mzee Koskei, ambaye hakuwahi kupunguza sauti ya televisheni yake kwa ajili ya mtu yeyote, aliinuka akaipunguza.

Nilimtazama baba, na kweli alikuwa anatazama pembeni, akichezea kitambaa cha kiti kama mtu anayetafuta uzi uliolegea. Kogo akaniuliza polepole, "Chelangat, umekuwa ukitudanganya?" Uongo mpya ulikuwa tayari kinywani, nakiri. Ningeweza kusema Kiingereza cha shule ya Kipngeno ni kingine na hiki ni kingine, na nadhani nusu ya wazee wangeniamini. Lakini kogo alikuwa amenitazama usoni, naye kwa miezi mitatu alikuwa amekisifu chakula ambacho hakikuwahi kupikwa. Nikamwambia, "Nilikuwa sielewi, kogo. Niliona aibu kusema sielewi." Kisha nikashuka kwenye benchi mwenyewe kabla sijaambiwa.

Wakamwambia Kipngeno aendelee yeye. Akasimama, akaweka mikono mfukoni, akaanza: "Anasema nguvu zimepungua. Sasa anasema wasubiri amri. Sasa huyu anasema ndiyo." Alikuwa sahihi, nina hakika, na baada ya dakika kumi mama mmoja alikuwa anasinzia. Kipngeno hakujua Kipsigis, lugha yetu, cha kuwashika watu, alikuwa amekiacha bwenini. Mzee Koskei akapiga miayo. Mwishowe kogo akagonga sakafu kwa fimbo yake. "Aii, wewe unatupa mahindi mabichi! Chelangat, simama hapo karibu naye. Yeye akwambie wamesema nini, na wewe utuambie sisi. Na usiongeze kitu." Tukasimama sote wawili, bega langu likifika kiwiko chake. Alininong'oneza, nikageuza. Ndipo nilipojua kwamba maadui walitaka kuyakausha maji ya dunia, na kwamba mzee mwenye ndevu alikuwa babu wa yule msichana aliyeendesha mguu wa kushoto. Niliposema hilo la babu, sebule ikashtuka. Kogo akasema, "Na anamrusha mjukuu wake mwenyewe vitani? Mungu wangu." Hadithi haikuhitaji ng'ombe.

Mwezi mzima wa Agosti nilimfuata Kipngeno kwenye mistari ya chai nikiwa na daftari. Yeye alichuma mashina ya upande huu, mimi upande ule, nami nikimuuliza neno baada ya neno mpaka akaniambia nimemchosha kuliko kikapu. Shule zilipofunguliwa akarudi bwenini, na vipindi vilivyobaki nikavifanya peke yangu. Cha mwisho nakikumbuka chote. Jitu lilikuwa limebaki na mkono mmoja, mafuta yakichuruzika, na yule msichana alikuwa anaongea na babu yake kwa redio, taratibu, maneno marefu nisiyowahi kuyasikia. Nyumba nzima ilikuwa ikinisubiri mimi. Baba alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti. Nikasema kwa sauti, "Hapa sijaelewa." Nilitarajia mguno. Kogo akasema tu, "Sawa, tutazame uso wake basi." Tukautazama uso wake, na kila mtu akajua kwamba anaaga. Baba alinitazama mimi, si pembeni, na tulipokuwa tunarudi nyumbani akamwambia kila tuliyekutana naye njiani, "Huyu wangu, asipojua, anasema hajui," utadhani hiyo ndiyo nambari wani mpya.

Sasa mimi ni mkalimani mahakamani, Bomet. Kazi yangu ni kusimama katikati ya hakimu na mama mzee wa shambani, na mara nyingi kwa wiki humwambia hakimu, mbele ya mawakili wenye suti, kwamba sijaelewa na naomba shahidi arudie. Sioni aibu. Nyumbani watoto wangu hutazama roboti za rangi zote kwenye simu, kila mmoja na yake, maneno yakipita chini ya kioo, wala hawamhitaji mtu wa kuwaambia chochote. Mwanangu alinitafutia kile kipindi changu cha zamani. Jitu ni la buluu. Tulicheka sana, lakini niliona pia kwamba amekimaliza chote kwa siku mbili, chumbani mwake, bila kumsikia mtu yeyote akisema amina, na nikamwonea huruma kidogo.

Kogo alipougua miaka michache iliyopita, nilikuta muuguzi akinisubiri mlangoni mwa wodi. Daktari alikuwa na majibu tangu asubuhi, akasema, na yeye muuguzi mwenyewe, akiwa Mkipsigis, alikuwa tayari kuyatafsiri, lakini mgonjwa amekataa kusikia neno lolote mpaka nifike. "Nimemwambia mimi najua Kiingereza vizuri. Ananiambia, hata mjukuu wangu anajua, lakini huyo akikosa kuelewa husema." Niliingia. Daktari akaanza, na mara mbili nikamsimamisha anieleze neno nisilolijua. Kisha nikamgeukia kogo, nikamwambia yote, pamoja na lile nililotamani kwa moyo wangu wote kulipitisha kando. Alinisikiliza hadi mwisho bila kuniachia mkono. "Hujaongeza kitu?" akauliza. Nikamwambia sijaongeza. "Wala kupunguza?" Wala kupunguza, kogo. Akafumba macho, akasema, "Basi hao wengine wakija kuniona, wewe ndiye utawaambia."