Mashavu ya Likizo

Juzi huku Ghuba, kwenye basi la kampuni, tukitoka kazini West Bay kurudi mabwenini Umm Salal, jirani yangu wa kiti hakutulia hata kidogo. Ni mlinzi wa hoteli, mtu wa Tanga, na likizo yake imekaribia. Mara afinye kitambi juu ya mkanda, mara ajitazame mashavu kwenye kioo cha simu.

"Kila nikitoka kazini nakimbia kwenye mashine ya mazoezi," akamlalamikia Mkenya aliyekaa mbele yetu. "Kitambi kipo palepale, uso ndio unakwisha!"

Mkenya akageuka. "Buda, kukimbia pekee haitoshi. Beba chuma pia, na ukule vizuri. Mafuta iishe, misuli ibaki."

"Misuli mama ataiona wapi, nami nitavaa kanzu? Yeye anaangalia mashavu. Nikishuka Tanga nimekonda, mtaa mzima utasema Arabuni nilinyimwa chakula."

"Basi wacha mazoezi."

"Na msimamizi je? Yeye anaangalia tumbo. Suruali ya sare haifungi!"

Mkenya akageukia mbele. Watu wa jimu wana hesabu ya vyuma na hesabu ya mbio. Hesabu ya mama hawana.

Mara simu ikaita, ya video, kutoka kwa mama yake Tanga. Jamaa akakaa wima, akajaza upepo mashavuni, ndipo akapokea.

"Mashaallah, mwanangu, umenawiri!"

Akaitikia kwa kichwa tu. Hata shikamoo aliimeza: angefungua mdomo, neema yote ya Ghuba ingetoka.