Kadi ya Kwanza

Watu wa mtaa huu wakitaka kumsifu shangazi yangu husema, "Yule mama hapindi." Mimi nikisikia hivyo naukata uzi kwa meno na kuinamia cherehani yangu, maana nikifungua mdomo nitatukana.

Shangazi ni dada wa baba yangu, tumbo moja. Mtaani wanamwita Bi Zamu. Miaka ishirini na sita alipokea kadi za wagonjwa kwenye zahanati. Hakuwa daktari, hakuwa muuguzi, lakini kwa lile gauni lake la bluu, lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe, ungedhani zahanati kajenga yeye. Kazi yake ilikuwa dirisha, sanduku la mbao na mdomo.

Utaratibu wa sanduku ulikuwa hivi. Anayefika wa kwanza anaweka kadi yake chini kabisa, wa pili anaiweka juu yake, na kuendelea. Saa mbili asubuhi shangazi analitoa rundo zima, analigeuza mara moja, na wa kwanza anakuja juu. Basi. Mtaa mzima tuliujua utaratibu huo kama tunavyojua njia ya chooni.

Na alikuwa hapindi kweli, sikatai. Siku moja mumewe alikuja amekwamwa na mwiba wa samaki, macho yamemtoka, anaonyesha koo kwa kidole. Shangazi akamwambia, "Weka kadi, bwana. Wewe ni wa kumi na tano." Mwanamume mzima akakaa kwenye benchi anatema mate kwenye leso. Mwiba ulishuka wenyewe kabla zamu yake haijafika. Wiki mbili baadaye na yeye akashuka ngazi za nyumba yao na begi lake, hakurudi.

Watu walicheka wakapiga makofi. Muuza mikate wa kona ya pili, mtu wa maoni mengi, akasema, "Tungekuwa na watu kumi tu kama Bi Zamu, tungekuwa mbali sana." Mkumbukeni huyo muuza mikate.

Sasa mama yangu. Mama ndiye aliyenifundisha ushonaji, na alikuwa bingwa wa vifungo. Tundu la kifungo alilidarizi kwa mkono, halivutiki, halichaniki. Basi akaanza kuniita nimtungie uzi kwenye sindano. Mara anagonga kizingiti, mara anamimina chai pembeni ya kikombe. Zahanati wakasema ni presha ya macho, amsubiri daktari wa macho. Huyo alikuwa akija mara moja kwa mwezi, anaona watu mpaka saa sita, kisha anapanda gari lake anaondoka. Anayemwona anahitaji kupasuliwa jicho, anaondoka naye siku hiyo hiyo kwenda hospitali kubwa.

Mama ametulea kwa msemo mmoja: chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Siku ya daktari aliniamsha alfajiri kabla jogoo hajafikiria kuwika. Tulifika pale geti bado limefungwa. Kadi ya mama ikawa ya kwanza sandukuni. Ya pili ilikuwa ya fundi mwashi mmoja aliyeingiwa na chokaa jichoni. Wengine wakaja taratibu, jumla kadi zikafika ishirini na tatu. Muuza mikate alifika jua limeshapanda, anajipepea kwa kofia, mtu wa tatu kutoka mwisho.

Saa mbili shangazi akatoa rundo, akaligeuza. Kadi ya juu, ya mama. Muuza mikate akanyoosha shingo, akasoma jina.

"Ebo! Ya kwanza ni ya wifi yake!" akasema kwa sauti ya kutangaza mnada. "Kumbe ndiyo haki yenyewe hii? Mumewe alimkalisha na mwiba kooni, lakini wifi anapachikwa juu!"

Benchi likaanza kunong'ona. Mtu mmoja akasema, "Ndugu ni ndugu bwana, damu nzito kuliko maji." Mwingine akasema, "Wote ni wale wale." Fundi mwashi akasimama, jicho moja kalifunga kitambaa, akasema, "Jamani, huyu mama nimemkuta hapa mimi mwenyewe. Geti halijafunguliwa!" Hakuna aliyemsikiliza. Mnong'ono ni mtamu kuliko ushahidi.

Ingetosha shangazi aseme, "Mwashi kaeleza, nyamazeni." Maneno matatu tu! Lakini yule mama hajawahi kuitwa mpendeleaji maishani mwake, na neno lile lilimwingia kama pilipili machoni. Akalishika rundo akaligeuza tena, akalipiga juu ya meza.

"Haya! Nani wa kwanza sasa? Nani ndugu yangu hapo?"

Ya kwanza ikawa ya kijana mmoja aliyeingia dakika tano zilizopita. Ya mama ikawa ya mwisho, chini kabisa. Na wale waliokuwa nyuma, watetezi wa haki, wenye maoni yao kuhusu nchi, mnadhani walisema kitu? Thubutu! Walitulia kama maji ya mtungini. Muuza mikate akaitwa wa tatu, akaingia na kofia yake.

Nikaenda dirishani. "Shangazi, umegeuza mara mbili. Mama ndiye wa kwanza, na wewe unajua."

"Najua."

"Basi rudisha."

Hakunitazama. Alikuwa ananyoosha makali ya lile rundo kwa rula. "Nikirudisha sasa watasema nini? Watasema kweli nilimpachika. Mama yako atavumilia. Ni mtu wa nyumbani."

Nilitaka niivunje ile rula kichwani pake. Mama akanivuta kanga, akanibana paja kama mtoto wa miaka sita. "Usimvunjie shangazi yako heshima mbele za watu," akasema. "Kaa." Nikakaa. Na mimi pia nina langu la kujibu, kwamba nilikaa.

Saa sita daktari alitoka anajifuta mikono. Alikuwa ameona watu kumi na tisa. Walibaki wanne: wazee wawili, mwashi, na mama. Shangazi akawarudishia kadi zao mmoja mmoja, kwa utaratibu, akaanza na wazee, akaja kwa mwashi, akamaliza na mama.

Mwezi uliofuata daktari hakuja, alikuwa amehamishwa. Mwingine wa kushika nafasi yake alikuja baada ya miezi minne. Akammulika mama na kurunzi, akanigeukia mimi badala yake, akaninong'oneza kwamba kinachopotea kwa ugonjwa huu hakirudi. Kama angeonwa miezi minne nyuma, angalau kidogo kingeokolewa. Mama akauliza, "Anasemaje?" Nikamwambia anasema tutaona. Ndivyo nilivyomjibu, na neno hilo linanichoma mpaka leo.

Shangazi sasa amestaafu. Kila Jumamosi anakuja kwetu na kukaa kwenye kiti cha mteja, anamchambulia mama vifungo kwa ukubwa wake kwenye vikopo, kisha anakunywa chai. Kuhusu siku ile hajawahi kufungua mdomo. Hata pole.

Jumamosi iliyopita aliingia dada mmoja mwenye karatasi kwenye kibao. Alikuwa anazunguka mtaani akiuliza watu maoni yao: desturi gani njema imepotea, kanuni gani ya jamii unaiheshimu, jambo gani unalijutia maishani. Akaanza na shangazi, maana ndiye aliyevaa kwa heshima.

Shangazi akajikohoza. "Foleni," akasema. "Andika foleni. Watu siku hizi hawana foleni. Kila mtu anataka kupita mlango wa nyuma. Mimi nimekaa dirishani miaka ishirini na sita, hajapita mtu mbele ya mwenzake. Hata mume wangu. Hata ndugu yangu."

Niliacha kukanyaga cherehani. Dada wa watu anaandika tu, anatikisa kichwa kwa kustaajabu.

"Na unajutia nini, mama?"

"Sina," akasema shangazi. "Namshukuru Mungu. Nalala usingizi wangu wote."

Nilikuwa nimeshasimama, na matusi yote ya miaka mitatu nimeyapanga mdomoni, hakuna hata moja lililopitwa zamu. Lakini mama akawahi. Alikuwa mkekani, mkono mmoja ndani ya kikopo cha vifungo.

"Mwanangu," akamwambia yule dada, "na mimi niandike. Mimi ninalo."

"Sema, mama."

"Andika najuta kuwahi. Kuna siku niliamka alfajiri nikawa wa kwanza. Laiti ningelala mpaka jua litoke, nikaenda nikawa wa mwisho, leo ningekuwa nakuona uso wako."

Yule dada akasimamisha kalamu. Akanitazama mimi, akamtazama shangazi. "Sijaelewa, mama. Kuwahi ni kosa?"

"Muulize wifi," akasema mama. "Yeye ndiye mwenye foleni."

Shangazi alikuwa ameshika kifungo kimoja cheusi. Alikigeuza upande mmoja, akakigeuza upande wa pili, hakujua akitie kikopo gani.