Kaptula za Shemeji

Dada yangu ni dobi, na mimi ndiye mpiga pasi wake, kwa hiyo habari za nguo siambiwi. Mumewe alipoanza kujikuna, dada aliamini kwamba sabuni yake ndiyo inayomdhuru. Alijaribu sabuni tatu. Mashati ya shemeji aliyasuuza mara tano, huku ya wateja yakingoja kwenye beseni na mimi nimeshika pasi ya moto, nasaga meno. Mwisho akasema ataacha kazi. Miaka kumi na sita ya kufua, jamani, aitupe kwa sababu ya mwasho.

Na mwasho wenyewe haukuwa na kipele hata kimoja. Viganja na nyayo ndivyo vilivyomtesa zaidi. Shemeji ni fundi saa, na skrubu ndogo kama chembe za chumvi zilimponyoka kwa sababu mkono haukutulia. Ikifika adhuhuri yu hoi. Kisha macho yakawa manjano, mkojo ukawa kama chai ya rangi, na majirani wakaanza kunong'ona kwamba anakunywa kwa siri. Shemeji yangu, mtu ambaye hata soda humkaba. Nusura nimzabe mtu kibao.

Siku ya hospitali dada aliniomba niwasindikize. Daktari, mama mmoja mpole, alisema vipimo vya damu vinaonyesha nyongo haipiti vizuri, lakini virusi vya ini hakuna, wala si pombe. Akauliza kuhusu choo. Anaharisha? Anaona damu? Shemeji akajibu hapana, upesi upesi, akitazama ukuta.

Daktari akageuza karatasi aendelee na mengine. Dada alikuwa ameinama, anasokota ncha ya mtandio wake.

"Damu ipo," akasema. "Mwaka wa nne sasa."

Shemeji akamgeukia. "Ulijua?"

"Kaptula zako anafua nani? Nilikuwa naziloweka peke yake kwenye maji baridi, kabla huyu hajafika kazini. Sikutaka uone haya."

Huyo "huyu" ndiye mimi. Nilikasirika, sifichi. Miaka minne mmoja anaficha, mwenzake anamsaidia kuficha, na wote wanalala kitanda kimoja! Halafu nikaona shemeji amemshika mkono, hasira zikaniishia.

Daktari alisema neno lile limemfungulia njia. Utumbo mpana ulipopimwa kwa kamera ulikutwa na vidonda. Kwenye mashine kubwa ya picha, mirija ya nyongo ilionekana kama shanga: hapa imebanwa, hapa imetanuka. Akatueleza kwamba ni uvimbe sugu wa mirija hiyo, unaoacha makovu, na mara nyingi huandamana na ugonjwa wa utumbo. Haukuletwa na sabuni. Hapo dada alimwomba arudie, akalia. Dawa ya kuumaliza hakuna. Ya kutuliza mwasho ipo, na kliniki ni za maisha yote. Huenda siku moja akahitaji ini jingine.

Bado anajikuna, ila si kama zamani. Jana alitoka chooni, akaja moja kwa moja hadi pale tunapofulia.

"Mke wangu, leo damu ipo kidogo."

Aliyasema mbele yangu, bila kupunguza sauti. Dada akajifuta povu, akamshukuru kwa kumwambia, kisha akalia tena, na safari hii shemeji ndiye aliyembembeleza.