Volkano ya Zhongda

Mwenzenu nimewahi kujifungia ndani hapa hapa Guangzhou, nasonga ugali kwa kunyata jirani asisikie mwiko, kwa sababu watu wote wanaonijua waliamini niko Guatemala. Chekeni tu, mimi nimeshalia vya kutosha.

Chanzo ni Zuhura. Tunanunua vitambaa pamoja tangu tufike China, ila yeye akapata mteja wa Amerika ya Kati, akamwalika akaone nguo wanazofuma akina mama wa milimani kule, basi kila nikifungua simu ni Zuhura: Zuhura mbele ya kanisa la njano, Zuhura kwenye magofu ya kanisa lililoangushwa na tetemeko, Zuhura na volkano inafuka moshi nyuma ya bega lake (na alivyosimama, utadhani kaiwasha mwenyewe). Hayo ningevumilia. Lakini chini ya kila picha yupo Salimu, Salimu wangu mimi wa hapa hapa Guangzhou, ambaye wazee wake walikuwa wanajiandaa kwenda kwetu Tanga kuleta posa, anaandika, "Mashallah, mwanamke jasiri huyu!" Mimi nimeburuta marobota mtaa wa Guangyuan Xilu mvua inaninyeshea, na hakuwahi kuniita jasiri hata kwa bahati mbaya. Wivu ulinijaa hadi nikaiacha chai ikapoa.

Zuhura akarudi. Siku hiyo hiyo nikaenda soko la vitambaa la Zhongda, na kwenye duka la mama mmoja wa Kichina (sisi tunamwita laoban, yaani bosi) nikaona pazia limechapwa mlima unatoa moshi, chini yake kanisa jeupe. Shetani akaniambia, Shamsa, safari yako hiyo hapo! Nikamwomba laoban alitundike lote, nikasimama mbele ya pazia, nikamwambia anielekezee feni mtandio upepee kama niko mlimani, nikajipiga picha. Na yeye akatoa simu yake akanipiga, nami kwa ujinga wangu nikamgeukia nikatabasamu.

Nikarusha picha yangu: "Guatemala, alhamdulillah." Salimu akajibu papo hapo, "Umeondoka bila hata kuniaga?" Nikaandika, "Biashara imeniita ghafla, mpenzi," nikajitupa kitandani nacheka peke yangu. Raha iliyoje, kumwona mwanaume anahangaika!

Sasa sikilizeni ujinga. Maduka yale yana mtindo wao, akipatikana mteja Mwafrika anapigwa picha na mzigo, picha inatupwa kwenye kundi la wateja la simu ili wengine waone mwenzao kanunua. Najua hilo kuliko ninavyojua jina la baba yangu, na kundi la laoban tumo Watanzania wote. Asubuhi moja, bado nimejifungia ndani, simu ikaanza kutetemeka haikomi. Ni picha ya laoban: mimi, feni, mlima, fimbo ya pazia na pete zake zote, na mkono wa laoban umeshika pindo. Chini kaandika kwa Kiswahili cha kutafsiriwa na simu, "Rafiki Shamsa anapenda. Pazia jipya, bei nzuri."

Mmoja akatuma sauti: "Shamsa, huko volkano wanazifua kwa mkono au kwa mashine?" Kundi zima likaangua kicheko.

Zuhura akanipigia. Nilitaka anitukane, angalau tutoke sare, lakini akasema, "Shoga, ungeniambia tu ningekuombea mwaliko na wewe. Kule nililala peke yangu na baridi, nakukumbuka." Wallahi nilimwonea wivu upya, hata wema kanishinda!

Jioni Salimu akagonga mlango. Nilimfungulia na kanga ya jikoni, uso umevimba. Hakufoka.

"Shamsa, nilikuwa nakuombea dua ya msafiri kila swala."

"Nisamehe. Ulimsifia Zuhura mpaka nikachanganyikiwa."

"Ungesema unaumia, ningeacha. Sasa ukiniambia uko sokoni, nitajuaje kama uko sokoni?"

Akaniambia amewapigia wazee wasiende Tanga kwanza.

Sasa popote ninapokwenda namtumia ujumbe kabla ya kutoka, hata nikienda kununua vitunguu, na sitadanganya tena safari hata ya mtaa wa pili. Huwa anajibu, "Sawa." Mama naye ananipigia kila Ijumaa kuuliza wageni wa posa wanakuja lini, maana mkeka mpya alishanunua.